Mwanangu, Jumamosi usipige simu

Kaunti ya Scott, Iowa
Jumapili, 25 Agosti 1918

Mwanangu mpenzi,

Barua yako tuliipata juzi. Nimefurahi kusikia shangazi yako kajifungua salama na mtoto ananyonya vizuri. Mwambie asiharakishe kuamka kufua, nguo hazina haraka. Sisi huku hatujambo, ila baba yako mgongo unamsumbua. Wakulima wote wanataka farasi wao wapigwe viatu kabla ya kuvuna mahindi, na kila mmoja anataka leo.

Sasa hilo la simu. Umeandika kwamba Jumamosi jioni utapiga simu ili uagane na bibi yako kabla hujapanda treni ya Jumanne kwenda Chicago. Usipige. Nakuomba, mwanangu, usipige. Tuko vitani na Ujerumani, na bibi yako hana lugha nyingine ila Kijerumani cha kwao Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, na wewe ukisikia sauti yake utamjibu kwa hicho hicho. Nakujua.

Laini yetu unaijua, ni moja kwa majirani wote. Ikilia mara mbili kwa kirefu na mara moja kwa kifupi ni sisi tunaoitwa, lakini mkono wa simu unanyanyuliwa nyumba zote. Juzi nilikuwa nazungumza na mke wa mwenye ghala la nafaka habari za mayai, nikasikia mtu anakohoa ambaye si yeye wala si mimi. Zamani jambo hilo halikunikera, maana habari za mgonjwa na za mzazi tulizipata kwa njia hiyo hiyo. Sasa kabla sijasema neno najiuliza ni nani anasikiliza, na mwisho wake nanyamaza. Wale wanawake wanne wa Le Claire Township, si mbali na hapo Davenport ulipo, waliongea Kijerumani kwenye simu wakatozwa dola 225, fedha zikapelekwa Red Cross. Hebu fikiria baba yako apige viatu farasi wangapi mpaka zifike dola 225.

Najua utasema kumuaga bibi si kosa. Si kosa kwa Mungu. Lakini amri ya Gavana wetu wa Iowa, Harding, ya tarehe 23 Mei haikumbagua mtu. Shuleni ni Kiingereza tu, mahali pa watu ni Kiingereza tu, na vivyo hivyo kwenye treni, kwenye simu, jukwaani na kanisani. Asiyekijua akasali nyumbani kwake. Bibi yako ndivyo afanyavyo. Leo tumekwenda kanisani bila yeye. Mchungaji anasoma mahubiri kwenye karatasi kwa Kiingereza, anasita kila mstari, na wazee wanakaa wanatazama mikono yao. Tuliporudi nilimkuta bibi yako mezani, kitabu chake cha nyimbo kiko wazi mbele yake, anaimba kwa sauti ya chini na huku anafuma soksi za askari. Soksi zake Red Cross wanazipokea, na juma lililopita walisema hakuna anayemshinda kufuma kisigino.

Nimesoma pia pale ulipoandika kwamba amri ya Gavana mwisho wake ni mtoni, na kwamba treni ikishavuka Mississippi na kuingia Rock Island umeshakuwa Illinois, hakuna wa kukuuliza. Mwanangu, Collinsville iko wapi? Si Illinois? Yule Mjerumani, Robert Prager, aliuawa huko Aprili hii, tarehe 5, na hakuna Gavana aliyeagiza auawe. Ilikuwa ni watu tu, usiku, na kamba. Wakamruhusu awaandikie wazazi wake barua fupi, kisha wakamtundika mtini. Mtu huyo alikuwa ameomba kujiunga na jeshi la majini la Marekani wakamkataa. Na mwezi Juni wale wanaume kumi na mmoja walioshtakiwa wakaachiwa wote. Mimi huwafikiria wale wazazi wake huko Dresden wakiipokea barua ile. Kwa hiyo usiniambie mto. Mto hausaidii kitu.

Kwenye behewa kaa karibu na wanawake wenye watoto. Akija mzee au bibi akikuuliza kwa Kijerumani stesheni ipi inafuata, mjibu kwa Kiingereza, taratibu, umwonyeshe kwa kidole, na usione haya. Hata akikasirika. Hata akilia. Ukifika Chicago pale LaSalle Street usitoke nje peke yako, ngoja huyo mama wa hospitali aliyeandika kwamba atakuja kukupokea. Fedha nyingine zishonee ndani ya nguo, zile za mkononi ziwe kidogo tu. Na usitupelekee chochote mwezi wa kwanza. Kula. Umekonda tangu shule ilipofungwa.

Nilikuwa sijataka kuliandika hili, lakini nikiliacha litanikereketa. Ulijiandikisha kwenye ule mpango wa wauguzi wanafunzi bila kutuambia. Serikali imesema inataka wasichana 25,000, ukaona haifai ikose mmoja wa kwetu. Baba yako habari hizo alizipata kwa mteja, huku ameshika mguu wa farasi. Hakusema kitu mpaka usiku, na usiku alichosema ni kwamba una mikono ya mama yake. Akanyamaza tena. Kwa hiyo usifikiri amekasirika. Yeye anatamba nawe kule karakana mpaka wateja wamechoka. Mimi ndiye niliyekasirika, na mimi pia ndiye niliyekata ile picha yako ya gazetini nikaiweka kwenye Biblia.

Ya dukani siyarudii, unayajua. Nitasema hivi tu. Ulichomjibu yule bwana mbele ya watu kilikuwa kweli tupu, na kwa sababu kilikuwa kweli ndiyo maana sisi sasa tunapimiwa sukari mwisho, watu wote wakishaondoka. Ulitaka nikusifu siku ile, na sikukusifu. Nilikuwa na wengine wa kufikiria. Lakini mwenye kujibu vile Chicago, ambako hakuna anayemjua baba yake, hapimiwi sukari mwisho. Anafukuzwa hospitalini siku hiyo hiyo, au inakuwa mbaya kuliko hapo. Funga mdomo wako, mwanangu. Wakisema juu ya Wajerumani, wewe kunja mashuka. Wakikuuliza jina lako limetoka wapi, sema Iowa.

Na wakiuliza zaidi, waambie ukweli ambao hawaujui. Babu yako alikimbia Holstein kwa sababu Prussia iliinyakua nchi yao mwaka 1867 na yeye hakutaka kuvaa sare ya mfalme wa Prussia. Bibi yako alimfuata. Amemchukia yule Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na baba zake kabla watu wa hapa hawajajua jina lake linaandikwaje. Na kaka yako yuko kwenye Divisheni ya 88, ametoka Camp Dodge, ameshapanda meli, na sisi tunangoja ile kadi ya kusema meli imefika salama. Kila siku namwona mtumishi wa posta anapita na gari lake, natoka mpaka kwenye lango, ananitikisia kichwa. Nyota ya buluu, ya nyumba yenye mwana jeshini, iko dirishani kwetu. Pamoja na hiyo nyota, wale wanakamati walimwita baba yako wakamuuliza mbona hakununua hati zaidi za mkopo wa vita. Akawajibu kwa Kiingereza kizuri kuliko cha kwao, akanunua. Ghala la jirani yetu wa upande wa reli limepakwa rangi ya njano usiku, kama la msaliti, na yeye ana wana wawili jeshini. Sasa umeelewa kwa nini nasema usipige simu?

Bibi yako hajakanyaga stesheni tangu Mei. Nilimwambia ni kwa sababu ya ngazi. Chakula cha jioni anakula mapema siku hizi, kabla wateja wa baba yako hawajaanza kuingia jikoni kunywa kahawa. Nimepanga hivyo kwa sababu ya jiko, haliwezi kubeba sufuria zote kwa wakati mmoja. Yeye hakuuliza. Unauliza kwenye barua yako kwa nini miaka yote hii hakuna aliyemfundisha hata salamu za Kiingereza. Nani angemfundisha? Mimi nilikuwa na ninyi watano, ng'ombe wawili na nguo za karakana, na ilikuwa rahisi kila mtu azungumze naye kwa lugha yake. Ninyi wenyewe mlijifunza kusema kwa kuzungumza naye. Ningejua, labda. Lakini hakuna aliyejua.

Swali jingine linanikosesha usingizi, na wewe hukuliandika, ila najua limekujia. Hospitalini watakuja wagonjwa wa kila namna, na Chicago Wajerumani ni wengi. Mtu akiwa na homa kali anarudi kwenye lugha ya mama yake, nilimwona babu yako. Atakuita usiku, na katika wadi nzima ni wewe peke yako utakayemwelewa. Utafanyaje? Nimelifikiria jambo hili nikikamua, nikipika, nikilala. Siwezi kukwambia umwache. Fanya kama moyo utakavyokutuma, lakini funga mlango kwanza.

Matufaha ya mti wa kisimani yameiva yote kwa pamoja mwaka huu, na sukari ni ratili mbili kwa mtu kwa mwezi. Nimejaza fomu ya kupata sukari ya kuhifadhia matunda, bado haijajibiwa. Mengine nayakata vipande nayakausha juu ya paa la banda, na mengine nayapika na sharubati ya mtama. Inakuwa nyeusi lakini inalika. Jumatatu na Jumatano hatuli ngano, Jumanne hatuli nyama, na mdogo wako amehesabu akasema Alhamisi ndipo mtu anapoanza kuishi. Anakuulizia kila siku. Anataka umletee kitu cha Chicago, nimemwambia utamletea habari.

Nguo zako za ndani za majira ya baridi nimezitia viraka, ziko kwenye sanduku la kijani. Nimekuwekea soksi jozi nne, bibi yako ndiye aliyezifuma, nimeziondoa kwenye fungu la Red Cross na wasiniulize. Ile sketi ya kahawia nimeiteremsha pindo, umerefuka au sketi imerudi, sijui. Shangazi yako akikupeleka matembezi kule Schuetzen Park, kumbuka hilo jina la Kijerumani limeondolewa, sasa ni Forest Park. Usisahau ukalitaja la zamani mbele ya kondakta wa tramu.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Usipige simu, njoo. Jumamosi panda treni ya asubuhi, shangazi yako anaweza kukaa siku moja bila wewe. Jirani yake yule wa ghorofani nimeshamwandikia, atapika na kumshika mtoto. Baba yako atakungoja stesheni na gari la farasi. Msalimiane kwa Kiingereza pale jukwaani, na mpande mje moja kwa moja nyumbani, msisimame dukani hata kama baba yako atataka tumbaku. Bibi yako hatakuja stesheni, atakungoja chumbani kwake. Nitafunga madirisha ya upande wa barabara, na karakana itafungwa saa sita ili wateja wasije. Mkae humo mpaka jioni, mzungumze vyote mnavyotaka kuzungumza. Mimi nitakuwa jikoni. Akitaka kukubariki kwa Kijerumani mwache akubariki mpaka amalize, usimkatize kwa kuogopa, nitakuwa mlangoni.

Sijamwambia bado kwamba unakuja. Nitamwambia Ijumaa usiku, maana nikimwambia leo hatalala juma zima na ataanza kuoka keki ambazo sukari yake sina.

Jumapili baada ya chakula baba yako atakurudisha Davenport kwa gari, hutapanda treni na sanduku lile peke yako. Jumanne, ukishakaa kwenye kiti chako ndani ya behewa, tafadhali, Kiingereza tu mpaka Chicago.

Barua hii ukishaisoma itie motoni. Najua haijakatazwa kuandika, lakini itie tu. Na umwambie shangazi yako akupe ile mitungi yangu ya glasi sita niliyompelekea na cheri, pamoja na vifuniko na mipira yake, maana nikikosa mipira matufaha haya yote yataoza.

Mama yako