Salamu za Krismasi kwa Wasomaji Wenzangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na kwa jirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha. Mwaka ulikuwa mgumu: nauli ya kwenda kijijini imepanda kama kila Desemba, mkungu wa matoke haushikiki, na ada ya shule inatungoja Februari. Wengi wetu tunakwenda kula sikukuu kwenye nyumba yenye kaburi jipya. Namba ya kaka yangu bado imo kwenye simu yangu.

Msimu huu wengine watawapelekea wafiwa vitabu vya imani na mateso. Msiwahi. Wiki za mwanzo chota maji, pika, keti. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno, na huo ndio wema wao wote. Waliharibu walipofungua kinywa.

Kitabu chenyewe cha Ayubu tunakisoma vibaya. Tunasoma sura mbili za kwanza, tunarukia ya 42 mali inaporudi maradufu, halafu katikati tunaokota mistari. Ule wa 8:7, wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, tunautundika dukani kama ahadi. Msemaji ni Bildadi, mmoja wa wale rafiki watatu! Mistari mitatu juu yake anamdokezea baba aliyezika watoto kumi kwamba walivuna dhambi zao. Na katika 42:7 Mungu anasema rafiki hao hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo shika penseli, andika pembeni ni nani anasema. Sura ya 3 ni kilio, 4 hadi 31 mabishano, 32 hadi 37 ni Elihu, kijana anayeingilia mabishano, 38 hadi 41 Mungu mwenyewe ndiye anayeuliza maswali. Sura mbili kila jioni kuanzia Krismasi, tarehe 14 Januari umemaliza.

Vitabu vingine, angalia kwanza mwandishi alikuwa wapi alipoandika. C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Uingereza, alitoa hoja zake kuhusu maumivu mwaka 1940, zimepangika vizuri. Mkewe akafariki 1960. Kitabu cha mwaka uliofuata, A Grief Observed, alichokitoa kwa jina la bandia, kinalia. Mfiwa aanze na hicho. Na hapa kwetu Uganda alikuwapo Askofu Festo Kivengere wa Kabale, aliyekimbia nchi mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Wengi jina hilo huwachoma. Someni hivyo hivyo.

Basi, wapendwa, tuache kusimama matangani na kutangaza mpango wa Mungu ambao hatukuonyeshwa! Wachungaji, wazee wa ukoo, nasi tunaojiita wasomaji: aliyelala njaa tumpe chakula kabla ya aya, mjane asilipie mahubiri yetu kwa machozi yake.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka. Wasafiri mfike salama, na mtusalimie wazee.