Machela haipindi kona

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata neno. Ila ile makala ya Jumapili, kuhusu maandalizi ya tiba iwapo vita kubwa ya majini itazuka, imenishinda. Ukurasa mzima mwandishi wenu anahesabu vitanda! Mercy na Comfort, meli za hospitali za jeshi la majini la Marekani, kila moja vitanda 1,000. Haya, majeruhi atafikaje kitandani? Kimya.

Wazee wa Kilindini wanaikumbuka Uganda, meli iliyokuwa ikileta abiria kutoka London. Ndiyo hiyo Waingereza waliyoigeuza hospitali mwaka 1982, walipopigana na Argentina kugombea visiwa vya Falkland. Wanafunzi waliokuwamo wakashushwa Naples, meli ikakimbizwa Gibraltar kufungwa uwanja wa helikopta. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, Waargentina wakiwemo. Meli yao nyingine, Sir Galahad, ilipopigwa bomu Juni 8, wengi waliungua vibaya. Sasa mtu aliyeungua mikono yote miwili, mwambie apande ngazi.

Mimi nililiona hilo bila vita. Mwaka 1994 nilikuwa mpaka mafuta, yaani mtu wa kupaka mitambo mafuta, kwenye meli ndogo ya mizigo. Tumefunga gatini, bahari shwari, bomba la mvuke likapasuka likamchoma mwenzangu kifua na mikono. Machela ilikuwepo, imetundikwa ukutani, imepakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Haikupinda kona ya ngazi! Tukaisimamisha, mgonjwa akateleza. Tukailaza ubavu, ikakwama kwenye reli. Mwisho serangi, mkubwa wa mabaharia, akambeba mgongoni ngazi tatu, na ngozi ya mikono ya yule kijana ikabaki kwenye shati la serangi. Sanduku la dawa lina kufuli, ufunguo anao karani, karani yuko mjini. Ambulensi imefika getini, inaambiwa haina pasi. Dakika 40, Mhariri, kijana anatetemeka juu ya magunia!

Na hizo pasi zenyewe. Juzi nimekwenda kumpokea mwanangu bandarini, nikadaiwa nakala tatu za kitambulisho. Mashine ya kutoa nakala iko wapi? Ndani ya geti.

Ushauri wangu: kila anayepanga mambo haya afungwe kwenye machela, taa zizimwe, vijana wanne waliokesha zamu wampandishe kutoka chumba cha injini hadi deki ya juu. Aanze mwandishi wenu. Aje na nakala tatu.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa