Barua kwa Mwanangu Aliyeombwa Kuwa Mwakilishi wa Wafanyakazi

Shela, Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Masika yameanza, hoteli za ufukweni zimefunga milango kama kila mwaka, na baraza za mtaa zimejaa watu wanaongojea Julai watalii warejee.

Uliponipigia simu Ijumaa kunieleza kwamba wenzako katika kiwanda cha nguo huko Athi River wanataka usimame uwe mwakilishi wao, nilikukatiza kabla hujamaliza. Nilikuambia uachane na mambo ya watu, ushone nguo zako, upokee mshahara wako. Maneno hayo yamenikaa kooni tangu siku ile, na ndiyo sababu naandika.

Unajua kwamba nilitandika vitanda hotelini kwa miaka 19. Usilolijua ni kwamba mimi nami niliwahi kuombwa. Wanawake wa vyumba na wa dobi tulikuwa wengi kuliko wanaume wa bustani na wa lango. Michango ya chama tuliikusanya sisi, na siku ya mgomo sisi ndio tuliosimama juani na watoto mgongoni. Hata hivyo kamati ilipochaguliwa, mwenyekiti alikuwa mwanamume na katibu mwanamume, na kazi tuliyoachiwa ni kuandaa chai ya wageni kutoka makao makuu. Baadaye nafasi moja ilipobaki wazi, wenzangu walinitaja, nami nikakataa kwa kuwa babako alikuwa baharini na wewe ulikuwa na miezi minne. Mwaka ule mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri ulitiwa saini. Ulikuwa na posho ya usiku kwa walinzi, jambo la haki kabisa, lakini haukuwa na hata neno moja juu ya usafiri wa wanawake wa dobi waliotoka zamu saa tano za usiku na kurudi kwa miguu gizani. Sidhani kuna mtu aliyekusudia kutunyima. Mle ndani hapakuwa na wa kuuliza.

Tangu simu yako nimekuwa nikisoma habari za wanawake walioingia mle ndani. Emma Mashinini wa Afrika Kusini alianza kama wewe, kwenye cherehani, katika kiwanda cha nguo Johannesburg, na wenzake wakamchagua kuwa mwakilishi wao. Mwaka 1975 alianzisha chama cha wafanyakazi Weusi wa madukani, CCAWUSA, akiwa katibu mkuu wa chama ambacho hakikuwa na wanachama. Akawatafuta mmoja mmoja, na chama hicho kikaja kuwa miongoni mwa vya kwanza nchini humo kupata mapatano ya likizo ya uzazi. Mwaka 1981 serikali ya ubaguzi ilimkamata ikamweka kizuizini miezi 6, muda mwingi akiwa peke yake. Siku moja aliona sura ya binti yake mdogo akilini na akashindwa kabisa kulikumbuka jina lake. Jina lenyewe lilikuwa Dudu, ambalo kwetu lingechekesha, lakini mimi sikucheka. Niliiweka miwani chini nikalitaja jina lako kwa sauti.

Mwingine ni Jayaben Desai, mama wa Kihindi aliyewahi kuishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza. Katika kiwanda cha Grunwick, London, kilichosafisha picha, wanawake kama yeye, wengi wao kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, walilipwa kidogo na kulazimishwa saa za ziada. Agosti 1976 alitoka kazini pamoja na mwanawe wa kiume, na mgomo uliofuata ukadumu karibu miaka 2. Maelfu ya wafanyakazi wa kazi nyingine walikuja langoni kuwaunga mkono, na watu wa posta wakakataa kushughulikia barua za kiwanda. Halafu wakubwa wa vyama walichoka. Novemba 1977 Desai na wenzake waligoma kula mbele ya makao makuu ya TUC, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza, na chama chao wenyewe kikawasimamisha uanachama. Mgomo ulivunjika 1978 bila wao kurudishwa kazini. Sikuelezi haya ili nikuvunje moyo. Nataka ujue mapema kwamba si kila anayekupinga atakuwa upande wa mwajiri.

Wala usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Hapa Kenya, Rose Omamo alianza kama fundi katika kiwanda cha kuunganisha magari, akafika kuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa vyuma, kazi iliyodhaniwa ya wanaume kuliko hata kuvua papa.

Basi kubali, kwa sharti moja. Wakikupa dawati la wanawake, yaani kitengo cha mambo ya wanawake chamani, na kukupigia makofi, uliza kama dawati hilo lina kiti katika kamati ya majadiliano na mwajiri. Kama halina, gombea kiti kingine. Soma Sheria ya Ajira ya 2007 kabla hujakaa: kifungu cha 29 kinampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na cha 37 kinamlinda kibarua anayefanya kazi mfululizo akaitwa kibarua mwaka hadi mwaka. Hayo ni yenu tayari, msikubali kuyanunua upya kwa kuachia kitu kingine. Meneja akikuita ofisini usiende peke yako, na ukitoka uandike tarehe na yaliyosemwa. Watu watakusema kwa mikutano ya jioni. Mimi mwenyewe nilitangulia kukusema, na naomba radhi.

Mtoto mlete huku kama zamu na mikutano vitagongana. Chumba chako ni kile kile, na babako siku hizi haendi baharini kusi likivuma. Niandikie uchaguzi ni lini na ni nani mwingine anayegombea.

Wasalaam,
Mamako