Barua ya wazi kwa wachekeshaji wa Kigoma mnaotaka kuingia kwenye filamu

Wanangu wa Mwanga, Ujiji, Kibirizi, Katonga, na nyie wa Kasulu mnaopanda gari kuja mjini kwa ajili ya shoo, mwakeye.

Naandika nikiwa na hasira na siifichi. Wiki tatu zilizopita nilialikwa kuangalia vijana wakirekodi filamu fupi pale Kibirizi, ufukweni mitumbwi inapotokea. Sini yenyewe rahisi, kijana anamletea mama taarifa kwamba mtumbwi wa mwanae haujarudi. Mama waliyemchukua ni muuza dagaa wa palepale, hajawahi kusimama mbele ya kamera, lakini aliposikia tu yale maneno ya kwanza machozi yakaanza kumtoka yenyewe, mnajua wenyewe hili ziwa limetuchukulia watu wangapi. Sasa huyu kijana wetu, ambaye jukwaani namkubali kabisa, akageuka kidogo kwa wale wa kamera akabinua mdomo kwa ule mtindo wake, watu wote wakaangua kicheko. Mama akakatishwa. Wakarudia, akaongeza kituko kingine. Wakarudia mpaka jua likazama upande wa Kongo, yule mama akajitanda kanga akaenda zake na kesho yake hakurudi. Filamu imeishia hapo.

Nilipomfuata kijana akaniambia mzee si umeona walivyocheka. Nimeona mwanangu, na ndo kinachoniuma.

Jukwaani uko peke yako. Watu unawaona, kicheko chao ndo kinakuambia uendelee, unyamaze au ubadilishe njia, na mwenye sikio zuri anaishi kwa hicho kicheko. Kwenye filamu hicho kitu hakipo. Anayecheka au kulia atafanya hivyo miezi sita baadaye akiwa nyumbani kwake Tabora, wewe humuoni. Uliye naye pale ni mwenzako tu, na kazi yako ni kumsikiliza yeye, kumsikiliza kweli, sio kusubiri amalize ili uweke punchi yako, lile neno la kuchekesha. Nimeongoza kikundi cha maigizo cha vijana hapa Ujiji miaka mingi na nawaambia hiki ndo kitu kigumu kuliko vyote kumfundisha mtu anayejua kuchekesha, yani anaona kimya kama aibu.

Mnapenda kunitajia Jamie Foxx, yule muigizaji wa Marekani, eti naye alianza na stendapu, kuchekesha peke yake jukwaani, akaibukia Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu. Sawa, basi tumuangalie vizuri. Kazaliwa 1967 huko Terrell, mji mdogo wa Texas, jina lake hasa ni Eric Bishop, akalelewa na bibi na babu yake. Bibi ndo alimkalisha kwenye piano akiwa na miaka mitano, atake asitake, akakua anapiga kanisani. Jukwaani kapanda 1989. Hata lile jina Jamie alilichagua kwa akili, aliona kwenye zile klabu wanawake wanaitwa mapema kwa kuwa wanakuwa wachache, akachukua jina ambalo msoma orodha hawezi kujua ni la kike au la kiume. Mwaka 1991 akaingia kwenye vichekesho vya televisheni, baadaye akapata kipindi chake mwenyewe, halafu nafasi ndogondogo kwenye filamu za watu wengine, kwenye ile ya Muhammad Ali ya 2001 alikuwa mtu wa kona ya bondia tu, staa alikuwa Will Smith. Oscar kaishika 2005. Hesabuni wenyewe, kutoka 1989.

Na kaipata kwa kazi gani? Kwa kumuigiza Ray Charles, mwanamuziki kipofu. Walimbandika vitu machoni, yakafunga kweli, akashinda hivyo muda mrefu wa siku ya kazi. Mchekeshaji ambaye hawezi kumuona mtu hata mmoja anayecheka! Hana wa kumbinulia mdomo, amebaki na masikio tu, na vile vidole alivyofundishwa kwa amri ya bibi. Alipopokea tuzo alimtaja bibi yake kuwa ndo mwalimu wake wa kwanza wa kuigiza, na bibi alikuwa ameshafariki miezi michache nyuma. Mimi nikifika hapo huwa nawakumbuka bibi zetu wa huku, wangapi wamelea wajukuu kwa dagaa na mawese na mjukuu akipanda jukwaani jambo la kwanza ni kumgeuza bibi yake kichekesho, Kiha chake, kutembea kwake. Muigizeni bibi, lakini muigizeni mpaka nimpende, sio mpaka nimdharau.

Mengine nayataja tu. Fikeni kwenye seti kwa muda. Shikeni maneno ya skripti kwanza ndo muombe kuongeza ya kwenu. Klipu za watu wa Dar msizinakili. Mikataba someni, Mzee Majuto alichekesha nchi nzima kwa miongo na alipougua 2018 mikataba yake ya matangazo ikawa gumzo mpaka serikalini, kwa hiyo someni, na msipoelewa tafuteni wa kuwasomea.

Na sisi wazazi tusijifanye hatuhusiki. Kijana akisema anataka kwenda Bagamoyo kusoma sanaa tunamuita mhuni, harusini tunamuita achekeshe usiku kucha halafu tunamlipa soda na sahani ya pilau. Tumemzoesha kwamba thamani yake ni kicheko cha papo kwa papo, atajuaje kingine?

Wewe kijana wa Kibirizi, jina lako silitaji na sitalitaja. Nenda kwa yule mama asubuhi, kabla ya soko, usiende na kamera. Muombe radhi, umsaidie kuanika dagaa, ukae umsikilize. Akikubali kurudi, Jumamosi saa kumi jioni njooni wote barazani kwangu, skripti ninayo, tutaisoma ile sini upya na mimi nitakaa pembeni.