Mwanangu, Ajira Portal haijui kama unalala Mbagala au Ujiji

Mwanangu Juma,

Asalaam aleikum. Huku Ujiji hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua lakini mdomo uko palepale. Nimemwomba dada yako aipige barua hii kwenye simu yake akutumie, maana tukiongea hatufiki popote. Nikikuuliza habari za kazi unanijibu "mambo yanaenda, mama", halafu unaniuliza bei ya dagaa. Bei ya dagaa unaijua, baba. Mimi nataka kujua unakula nini.

Mjomba wako hajalalamika wala hatalalamika, ndivyo alivyoumbwa. Ila najua sebule ni ndogo na watoto wake wamekua. Najua kila ukitoka Mbagala kwenda mjini kupeleka bahasha ni nauli, na bahasha nyingi zinaishia kwa mlinzi getini. Sasa niambie, hicho unachokingojea Dar hakiwezi kukukuta Kigoma?

Nilikwenda kwa yule dada wa steshenari pale Mwanga, anayewajazia watu maombi ya kazi. Nikakaa naye hadi akanichoka. Anasema kazi nyingi za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na maombi yanatumwa kwenye tovuti yao ya Ajira Portal tu. Ukiwa na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vyako vilivyogongwa muhuri na wakili, na barua yenye sahihi, unatuma ukiwa popote. Wanaoangushwa, wengi wanaangushwa na vitu vidogo. Mtu anapakia karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe cha kidato cha nne, na tangazo limesema wazi kwamba haipokelewi. Mwingine barua haina sahihi. Hebu kagua zako leo, usiseme kesho. Cheti cha chuo ukiambiwa hakijatoka, uliza tarehe, na ukaulize tena siku hiyo ikifika.

Na usaili? Mwaka 2025 walimu walifanyiwa usaili mikoani. Binti wa jirani yetu alifanyia hapahapa, akalala kwao, akanywa chai, akaenda. Wewe wa uhasibu ukiitwa Dodoma, treni ya kutoka hapa inapita Tabora inafika Dodoma. Kukaa Dar si lazima kukuweke karibu zaidi na bahati.

Kuna hili la mtu aliyempigia mjomba wako, anayetaka laki tatu "kufungua faili". Nimesikia, ingawa mlidhani sitasikia. Sitoi hata shilingi, na wewe usikope popote ukampe. Sekretarieti haitozi hela ya maombi. Mtu mwenye kazi ya kweli ya kukupa haombi atumiwe pesa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu mwingine. Akipiga tena, mpe namba yangu. Nina muda naye.

Sasa nikwambie ninachofikiria. Rudi nyumbani kwa muda.

Sikwambii "jiajiri". Siku hizi kila anayeshika kipaza sauti anawaambia vijana wajiajiri, na mtaji utatoka wapi hasemi. Halmashauri ina ile mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vijana, lakini inapitia vikundi, na kikundi cha watu usiowajua vizuri ni deni la kuchangia. Hilo tuliache kwanza.

Ninalokuitia ni hili. Tangu Majaliwa, alipokuwa Waziri Mkuu, aanze kuhimiza michikichi mwaka 2018, wakulima wengi huku wamechukua miche ya aina ya Tenera kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, inayotoa mafuta mengi kuliko ile ya babu zetu. Mawese yanaongezeka, vyama vya ushirika navyo hivyohivyo, ila watunza vitabu vya hesabu hakuna. Rafiki wa marehemu baba yako ni mwenyekiti wa chama kimoja huko vijijini. Stakabadhi zao ziko kwenye mfuko wa rambo. Leja ilishikwa na kijana wa darasa la saba, mwaminifu sana, lakini COASCO, wale wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua hesabu anatetemeka. Wanataka mtu wa kuwapangia vitabu. Mshahara hawana, watakupa posho na baiskeli. Nimewaambia: posho itajwe kwa maandishi, muda utajwe, na mwisho wa muda apewe barua inayosema alifanya nini. Kazi ya kujitolea isiyo na mwisho wala barua siitaki kwa mtoto wangu, hata ingekuwa ofisi ya ghorofa kumi.

Hicho ndicho utakachokisema kwenye usaili, badala ya kukaa kimya ukiulizwa ulikuwa unafanya nini tangu umalize chuo. Na jioni utasoma. Mitihani ya NBAA, bodi yenu ya wahasibu, iko Mei na Novemba, chagua mmoja ujiandae, ada tutasaidiana.

Mimi mwenyewe, Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, meza yangu ya dagaa pale Kibirizi ilibaki mbao tupu. Nikahamia kwenye mawese. Faida ilikuwa ya kubana, madumu yanavuja, nguo zote zikawa za rangi moja. Lakini ada ya muhula wako wa mwisho ilitoka hukohuko. Dagaa waliporudi nilirudi mezani, na mawese sijayaacha mpaka leo.

Watasema "msomi karudi kwa mama yake". Waache waseme, hakuna aliyekulipia hata kalamu. Wenzako wanaopiga picha wamevaa tai, wawili nawajua, mmoja bado anatumiwa hela ya kula na baba yake.

Siku utakayopata kazi ya mshahara, usidanganyike na tarakimu ya kwenye mkataba. Bodi ya Mikopo itachukua asilimia 15 ya mshahara, bado kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii. Piga hesabu ya kinachobaki ndipo ukubali chumba.

Nauli nimemtumia mjomba wako, si wewe, nawe unajua kwa nini. Chagua treni au basi, unijulishe siku. Kabla hujaondoka mshukuru mke wa mjomba wako kwa kinywa chako mwenyewe, amekupikia muda mrefu. Na vyeti vibebe mkononi, usiviweke kwenye buti.

Mama yako