Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kabla hujaiga ile muvi

Mpwa wangu,

Salaam nyingi kutoka huku Tabata. Skripti yenu nimeisoma yote, na ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza. Unasema mnataka itoke kama Abduction, ile ya Taylor Lautner ya mwaka 2011, ila ya kibongo: stelingi ni kijana wa Mbagala, kukimbizana kwa bodaboda, pantoni ya Kigamboni, na mwisho risasi Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wanaorekodi kwa simu mitaani kwetu wana muvi kama hiyo kichwani, na mimi nataka mfanikiwe. Lakini muvi mliyoichagua kuwa mfano iliniangusha sana, na ni vizuri ujue iliniangushia wapi.

Haikuniangusha kwenye wazo. Wazo ni zuri mno. Nathan, anayeigizwa na Lautner, anasoma sekondari, anaishi pembezoni mwa jiji la Pittsburgh, anafanya kazi ya darasani na Karen, msichana wa nyumba ya jirani. Wanaingia kwenye tovuti ya watoto waliopotea, na huko anakuta picha ya mtoto ambaye ni yeye. Anakwenda kupekua nguo zake za utotoni na kulikuta shati lile lile la kwenye picha. Mtoto ana baba, ana mama, ana chumba chake, halafu shati linamwambia kwamba hao hawakumzaa. Hilo unalielewa wewe na mimi kuliko watu wa Hollywood. Dar imejaa watoto waliolelewa na shangazi, na bibi, na mke wa baba mdogo, wakamwita mama bila kujua lolote, mpaka siku ya kuandikishwa shule cheti cha kuzaliwa kikatoka kabatini na jina la mtu mwingine.

Sasa tazama wanachofanya na wazo hilo. Wanaume wawili wanaingia nyumbani. Mama anapigana, baba anapigana, wote wanauawa. Mmoja wa wavamizi, yuko hoi, anasema kuna bomu kwenye oveni. Nathan anachungulia kwenye oveni: bomu lipo, linahesabu. Anamshika Karen, wanatimka, nyumba inalipuka. Kuanzia hapo ni mbio tu: hospitali, gari, treni, watu wa CIA, yaani majasusi wa Marekani, na adui mkuu Kozlow na genge lake wakitafuta orodha ya siri iliyo kwenye simu.

Na msiba je? Watu waliomlea kijana huyu wamekufa ndani ya nyumba yao, na muvi haimpi hata nafasi ya kuwalilia ipasavyo. Haulizi kama walimpenda au walikuwa kazini tu. Huku kwetu akifa mtu, turubai linafungwa mtaani, mikeka inatandikwa, majirani wanachanga, hata kama kesho kuna kazi. Sisemi stelingi aache kukimbia akae matanga. Nasema maumivu yake yakimbie naye. Ndani ya ile treni anapigana vizuri (Lautner alijifunza karate tangu mtoto, na inaonekana), lakini anapigana kama mtu ambaye hajapoteza chochote. Ndiyo maana ngumi zake hazikuuma hata kidogo kwangu niliyekuwa natazama.

Lile bomu nalo nataka ulitafakari, kwa sababu kwenye skripti yenu mmeliweka vile vile, ila chini ya kitanda. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa muvi za zamani, aliwahi kueleza jambo hili kwa mfano wa watu wanaozungumza mezani. Bomu likilipuka ghafla, mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15. Akioneshwa mapema kwamba bomu liko chini ya meza, unamweka roho juu kwa dakika 15, na hayo mazungumzo ya kawaida yanageuka mateso. Kwenye Abduction tunaambiwa kuna bomu, tunaliona, linalipuka. Hatukupata muda wa kuogopa. Tuoneshe sisi kwanza, mpwa. Baba mlezi aingie chumbani, avue viatu, aketi kitandani aanze kuhesabu mauzo ya siku, huku sisi tumeshajua kilicho chini yake.

Kinachonisikitisha zaidi ni nani aliyeiongoza. Ni John Singleton. Mtu huyu mwaka 1991 alitoa Boyz n the Hood, hadithi ya vijana wa South Central, Los Angeles, akateuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora akiwa na miaka 24. Alikuwa mdogo kuliko wote waliowahi kuteuliwa kwenye nafasi hiyo, na Mmarekani mweusi wa kwanza. Itafute kabla hujapiga picha hata moja. Mle ndani kuna baba, ameigizwa na Laurence Fishburne, anayemlea kijana wake mtaa uliojaa bunduki, na unamwogopea mtoto yule kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu umeona anavyopendwa. Mwongozaji aliyejua kuonesha baba namna ile, kwenye Abduction baba mzazi wa Nathan amemfanya sauti ya kwenye simu. Kuna sehemu moja tu niliyomwona Singleton ninayemjua: baba mlezi anamtoa Nathan uani asubuhi, kijana ana uchovu wa pombe za jana, anamlazimisha kupigana. Unaona hasira, unaona mapenzi, unaona pia kwamba mzee anamwandaa kwa jambo asilolitaja. Inapita haraka, na muvi hairudi tena kwenye joto lile. Abduction ndiyo ikawa muvi yake ya mwisho ya sinema. Alifariki 2019, ana miaka 51 tu. Inaniuma kwamba ndiyo hiyo.

Kwa hiyo usiniambie hamna hela za helikopta. Helikopta hamzihitaji. Ukurasa bora kwenye skripti yenu ni ule ambao baba mlezi, fundi friji, anamfundisha kijana kusikiliza mlio wa kompresa kabla ya kushika bisibisi. Mmeuacha hapo na hamjautumia tena! Kijana yule ajifiche baadaye kwenye stoo gizani, adui yuko karibu, amtambue kwa kusikiliza. Hapo marehemu baba'ke atakuwa amemwokoa.

Uwanja wa Mkapa uache. Watu 60,000, vibali, polisi, na hamtaweza kurudia hata mara moja mkikosea. Pantoni inatosha: ikishaondoka Magogoni hakuna pa kukimbilia mpaka ifike Kigamboni, na kila abiria anamtazama mwenzake usoni. Ombeni kibali mapema, msije mkanyang'anywa simu.

Nitumie kwanza kurasa za siku ya pili baada ya mazishi, ambazo bado hamjaziandika. Nataka kujua kijana analala kwa nani usiku huo, na nani anamwambia ukweli kuhusu mama'ke. Za bodaboda nitazisoma baadaye. Msalimie dada yangu, mwambie Jumapili nakuja.

Mjomba wako