Binti yangu ndiye anayekitunza kihamba, lakini kwenye mgawo hayumo

Shangazi, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 58, mke wa mkulima huku Machame, wilaya ya Hai. Niliolewa mwaka 1988 nikaletwa kwenye kihamba hiki, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa lenye nyumba, cha ekari moja na kidogo, na tangu hapo sijalala nje yake zaidi ya wiki moja, isipokuwa kwa uzazi au kuuguza. Tulijaliwa watoto wanne. Wa tatu alitutoka akiwa na miezi saba, amelala nyuma ya nyumba karibu na masale, mimea tunayopanda mpakani. Nalitaja hili mapema ili unielewe: nikisema ardhi, sisemi mali peke yake.

Maisha yangu ni shamba na kanisa, nami nayapenda. Saa kumi na moja alfajiri niko bandani nakamua. Msimu wa kahawa ukifika, mchana tunachuma, jioni tunamenya kwa mashine ya mkono, tunaiacha ivundike, kisha tunaiosha na kuianika kwenye vichanja, na mtu mmoja lazima awe macho na mawingu, maana manyunyu ya nusu saa tu yanaharibu kazi ya wiki. Siku ya soko napeleka ndizi Kwasadala. Jumapili mkungu mzuri kuliko yote unaenda kanisani, unanadiwa baada ya ibada. Mimi ni mzee wa kanisa mtaani kwetu tangu 2009, na pakitokea msiba mimi ni kati ya wanaofika kwanza na kuni, ndizi na maziwa. Hakuna aliyenilazimisha lolote kati ya haya, na sijutii hata siku moja.

Sasa shida yangu.

Binti yetu wa kwanza alirudi nyumbani mwaka 2016 na watoto wawili, ndoa yake ilipomshinda. Kilichompata huko sikiandiki, inatosha kusema hata baba yake alipoona mgongo wake alisema asirudi. Alikuta kahawa yetu imezeeka, magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yameimaliza. Yeye ndiye aliyekwenda kutafuta miche ya chotara kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, akachimba mashimo, akabeba samadi kichwani, akang'oa mibuni ya zamani mstari kwa mstari ili tusikose mavuno yote kwa mara moja. Miche mia mbili, Shangazi. Leo inazaa. Ada za wajukuu na hata dawa za babu yao zinatoka humo. Fedha za kahawa kutoka chama cha msingi cha ushirika zinaingia kwa jina la mume wangu, kwa kuwa mwanachama ni yeye, na binti hajawahi kuuliza senti.

Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana. Anatembea kwa fimbo, akili yake ni nzima. Ameamua kugawa angali hai, na hilo ni jema, maana nimeona ndugu wakigombana juu ya kaburi ambalo udongo wake bado mbichi. Mtoto wa kwanza wa kiume, aliyeko Dar es Salaam, anapewa shamba la tambarare tunakolima mahindi. Kihamba chenye nyumba kinakwenda kwa kitinda mimba, kama ilivyo mila yetu. Kijana huyu anafanya kazi Arusha na hana ubaya, ila ameshasema waziwazi kwamba kahawa hailipi, ataing'oa apande parachichi na kujenga vyumba vya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Dada yao hakutajwa. Mimi pia sikutajwa, na nakiri hilo nililigundua baadaye, nikiwa nakata majani ya ng'ombe.

Nilijaribu kusema mara moja tu. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, tumekaa wawili jikoni. Nikamwambia, "Baba, na huyu anayelima?" Akanyamaza mpaka uji ukapoa. Kisha akasema kwa upole, "Mama, nani atamfukuza? Atakaa hapa hapa." Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitukana katika miaka yote hii, na najua alichosema alikiamini.

Lakini mimi namkumbuka wifi yangu. Naye alirudi kwao, akapewa pembe ya migomba na baba yake kwa maneno hayo hayo, "nani atamfukuza". Mzee alipofariki alihamishwa mara tatu ndani ya kihamba hicho hicho, kila kaka alipotaka kujenga, na kila mara aliacha migomba aliyoipanda yeye. Hakuna aliyemfukuza. Alifia kwenye chumba kilichokuwa stoo.

Idara ya wanawake usharikani iliwahi kumwalika mwanasheria. Alitueleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango wake katika mali ya ndoa. Niliyaandika kwenye daftari la jumuiya. Ila mimi sitaki kumpeleka mahakamani mwanamume ninayemkatia nyama vipande kila jioni. Nataka anisikie.

Wiki mbili zilizopita ilikuwa zamu yangu kuongoza neno kwenye jumuiya, tukasoma Hesabu 27, mabinti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kuomba urithi, na Mungu akasema wamenena haki. Najua baba yao hakuwa na mtoto wa kiume, nami ninao wawili. Hata hivyo sauti ilinikauka, akina mama wakadhani nina mafua.

Naomba unishauri. Familia yote inakutana hapa baada ya Krismasi, na mgawo utasomwa mbele ya wazee wa ukoo. Je, nimrudie mume wangu tukiwa wawili, nimwombe aandike robo ekari yenye ile miche kwa jina la binti? Au nianze na kitinda mimba mwenyewe, ambaye dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, ili ombi litoke kwake? Mchungaji wetu ni kijana mwema, lakini nikimwambia yeye kwanza naogopa mume wangu ataona nimemwanika. Na hili la kwangu mimi, jina langu kutokuwepo popote, nilitaje siku hiyo hiyo au ningoje la binti lipite kwanza? Binti hajui kwamba nakuandikia. Jana nilimkuta anapogolea mibuni ya upande wa mfongo, mfereji wetu wa maji, ile itakayozaa mwakani.

Mama wa kihambani, Machame